Kenda Shika: Historia ya Ndege ya Vita Iitwayo Hurricane

Mtu akiulizwa habari za vita vya anga vilivyopiganwa juu ya Uingereza katika mwaka wa 1940, aghalabu jina la kwanza kumjia kinywani ni Spitfire. Jina hilo limesifiwa na kuandikwa mno, na umbo la ndege yenyewe, yenye mabawa membamba yaliyopindwa kama ukingo wa yai, linajulikana hata kwa watoto. Walakini mwenye kuhesabu ndege zilizopaa siku kwa siku kumkabili adui katika kiangazi kile atakuta kwamba nyingi zaidi zilikuwa za aina nyingine. Zilikuwa Hurricane, neno ambalo maana yake ni tufani. Hizo ndizo zilizoangusha zaidi ya nusu ya ndege za Kijerumani zilizoangushwa na ndege za kivita za Uingereza katika shindano lile. Mmoja alibeba sehemu kubwa ya mzigo, na mwingine akabeba sehemu kubwa ya sifa.

Makala haya hayakusudii kuivua Spitfire joho lake, maana ililistahili. Kusudi lake ni kuuliza swali ambalo mwanafunzi wa historia hukutana nalo mara nyingi: je, chombo hupimwa kwa ubora wake kikiwa peke yake, au kwa kupatikana kwake saa ya haja? Wahenga walisema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Hurricane ilikuwa kenda shika. Lakini msomaji asisahau kwamba kenda si kumi. Iko moja iliyopungua, na katika vita upungufu huo hulipwa na watu. Habari za ndege hii ni habari za faida ya kenda, na kadhalika ni habari za wale walioilipa ile moja.

Aliyeibuni alikuwa Sydney Camm, aliyezaliwa mjini Windsor katika mwaka wa 1893. Baba yake alikuwa seremala, na yeye mwenyewe alijifunza useremala alipoacha shule. Katika ujana wake aliunda ndege ndogo za mfano kwa mbao na kitambaa pamoja na wenziwe, na haukupita muda mrefu akapata kazi ya useremala katika kiwanda cha ndege huko Brooklands. Mwaka wa 1923 aliingia katika kampuni ya Hawker mjini Kingston, karibu na London, na baada ya miaka miwili tu akawa mkuu wa wabunifu wake. Ujuzi wake ulianzia mikononi, na alama ya mikono hiyo itaonekana katika kazi yake kubwa.

Siku zile ndege za kivita za Uingereza zilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili, moja juu ya jingine, yaliyoshikamanishwa kwa nguzo na nyaya. Camm alikwisha kubuni moja iliyosifiwa sana, jina lake Fury, ambayo iliingia jeshini mwaka wa 1931 na kuwa ndege ya kwanza ya kivita ya jeshi lile kupita mwendo wa maili 200 kwa saa. Lakini Fury ilichukua bombomu mbili tu, na ndege za kutupa mabomu zilikuwa zikizidi kuongezeka mwendo kila mwaka. Ilikuwa dhahiri kwamba siku si nyingi ndege ya mabawa ya ghorofa ingebaki nyuma ikimtazama adui akienda zake. Katika mwaka wa 1933, mwaka uleule ambao Adolf Hitler alishika utawala wa Ujerumani, Camm alianza kuwaza ndege ya bawa moja kila upande, yenye injini moja. Kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa ikiunda injini mpya ya silinda 12, ambayo baadaye iliitwa Merlin, naye aliichora ndege yake kuizunguka injini hiyo.

Hapa yafaa tusimame kidogo tutazame jinsi ndege hiyo ilivyoundwa, maana mengi yaliyofuata yalitokana na jambo hili. Mifupa ya mwili wake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa vipande vya chuma na kukazwa kwa bolti na ribiti, bila kuchomelewa. Juu ya mifupa hiyo ziliwekwa mbavu za mbao, na juu ya mbavu kikavutwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma. Hata mabawa ya zile za kwanza yalivikwa kitambaa. Wakati huohuo R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine alikuwa akibuni Spitfire kwa njia iliyokuwa mpya, ambayo bati lenyewe la nje hubeba sehemu ya nguvu ya chombo. Kwa kumlinganisha na Mitchell, mtu angeweza kusema kwamba Camm ameuacha mguu mmoja katika zama zilizopita. Kwa hakika ndivyo ilivyokuwa. Lakini mguu ule ulikuwa umesimama mahali ambapo mafundi wa Hawker walikuwa wamesimama pia. Vyombo vya kazi vilikuwapo, na mikono ilijua njia. Hapana aliyehitaji kufundishwa upya ili aanze.

Ndege ya kwanza ilipaa tarehe 6 Novemba 1935 huko Brooklands, rubani akiwa P. W. S. Bulman. Magurudumu yake yalikunjwa ndani ya mabawa baada ya kupaa, chumba cha rubani kilifunikwa, na katika majaribio ilifikia mwendo wa maili 315 kwa saa. Ilikusudiwa kuchukua bombomu nane, nne katika kila bawa. Wingi huu wa silaha ulikuwa na hesabu yake. Wataalamu wa Wizara ya Anga walikadiria kwamba kwa mwendo mpya wa ndege, rubani angeweza kumweka adui mbele ya silaha zake kwa muda wa sekunde mbili hivi, si zaidi. Kwa hiyo lazima amwage risasi nyingi katika muda huo mfupi, au arudi mikono mitupu.

Mnamo Machi 1936 likatendeka jambo ambalo halikupigiwa ngoma, walakini huenda likawa kubwa kuliko yote katika habari hizi. Wakuu wa kampuni ya Hawker waliamua kujitayarisha kuunda ndege 1,000 kabla serikali haijaagiza hata moja. Walianza kuchora michoro ya kiwandani na kutengeneza vyombo vya kazi kwa fedha yao wenyewe, wakijua kwamba serikali ikikataa watapata hasara kubwa. Serikali haikukataa. Tarehe 3 Juni 1936 iliagiza Hurricane 600, na siku hiyohiyo ikaagiza Spitfire 310. Miezi iliyookolewa kwa uamuzi ule haikuonekana kuwa na thamani wakati wa amani. Thamani yake ilionekana miaka minne baadaye, wakati ambapo hakuna fedha yoyote ambayo ingeweza kuinunua.

Hurricane za kwanza zilipokewa na Kikosi cha 111 katika uwanja wa Northolt mnamo Desemba 1937. Februari iliyofuata mkuu wa kikosi hicho, John Gillan, alirusha ndege yake kutoka Edinburgh hadi Northolt kwa mwendo wa wastani wa maili 408 kwa saa. Magazeti yalishangilia, na hawakupungua waliofikiri kwamba Uingereza imepata ndege isiyofikiwa na yeyote. Ukweli ni kwamba upepo mkali ulimsukuma njia nzima, na wenziwe wakampa jina la utani la kumkumbusha upepo ule. Kisa hiki ni kidogo, lakini kina onyo kwa msomaji wa historia: mwendo wa chombo na mwendo wa sifa zake havipimwi kwa kipimo kimoja.

Spitfire iliingia jeshini Agosti 1938, ikiwa imecheleweshwa na ugumu wa kuiunda. Mabawa yake mazuri yalihitaji ustadi ambao viwanda vingi havikuwa nao bado. Kwa makadirio yaliyozoeleka, kazi ya kuunda Hurricane moja ilikuwa kama theluthi mbili ya kazi ya kuunda Spitfire moja. Hata vita vilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, karibu Hurricane 500 zilikwisha kutolewa, na vikosi 18 vilikuwa navyo vimepewa. Katika muda huo ndege yenyewe iliendelea kurekebishwa: kitambaa cha mabawa kikabadilishwa kwa bati, na rafadha ya mti yenye makasia mawili ikabadilishwa kwa ya chuma yenye makasia matatu, ambayo iliweza kugeuza pembe yake angani.

Wepesi wa kuundwa kwake uliiwezesha kuvuka bahari. Katika mji wa Fort William nchini Kanada kilikuwapo kiwanda cha kampuni ya Canadian Car and Foundry, iliyozoea kutengeneza mabehewa ya reli. Kiwanda hicho kilipewa kazi ya kuunda Hurricane, na mhandisi mkuu wa kazi hiyo alikuwa mwanamke, Elsie MacGill, aliyepata shahada ya uzamili ya uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1929, ijapokuwa ugonjwa wa kupooza ulikuwa umemfanya atembee kwa bakora. Ndege ya kwanza ya kiwanda chake ilipaa Januari 1940, na mpaka mwisho wa kazi zilitoka pale zaidi ya 1,400. Kati ya wafanyakazi wake walikuwamo wanawake wengi ambao kabla ya vita hawakupata kushika nyundo ya ribiti. Chombo ambacho mafundi wa mabehewa na wanawake waliotoka majumbani waliweza kukijifunza kwa muda mfupi kilikuwa na nguvu ambayo haionekani katika hesabu ya mwendo wake.

Jaribu kubwa la kwanza lilikuwa Ufaransa. Wajerumani waliposhambulia upande wa magharibi tarehe 10 Mei 1940, vikosi vya Hurricane vilikuwa tayari huko, na vingine vikaongezwa. Spitfire za kivita zilizuiliwa nyumbani. Katika majuma machache mamia ya Hurricane yalipotea, na nyingi hazikuangushwa angani. Zilichomwa moto au kuachwa viwanjani na watu wake wenyewe, maana jeshi lilikuwa likirudi nyuma na hapakuwa na wasaa wa kuzitengeneza. Tarehe 16 Mei Hugh Dowding, amiri wa ndege za kivita, aliiandikia Wizara ya Anga barua akiikumbusha kwamba vikosi 52 ndivyo vilivyohesabiwa kuwa haja ya ulinzi wa Uingereza, na kwamba sasa vimebaki 36 tu. Alionya kwamba nguvu hiyo ikimwagwa yote Ufaransa, kushindwa kwa Ufaransa kutakuwa kushindwa kwa Uingereza pia. Hesabu aliyokuwa akiililia, kwa sehemu yake kubwa, ilikuwa hesabu ya Hurricane.

Shindano la anga juu ya Uingereza huhesabiwa kuwa lilianza tarehe 10 Julai na kuisha tarehe 31 Oktoba 1940. Katika siku za kilele chake vikosi vya Hurricane vilikuwa 32 na vya Spitfire 19. Ndege kuu ya kivita ya Wajerumani, Messerschmitt Bf 109, ilikuwa na mwendo wa maili 350 hivi kwa saa. Spitfire iliweza kulingana nayo, na Hurricane ilibaki nyuma kwa maili 30 au zaidi. Kwa hiyo makamanda walipenda Spitfire zipande juu kupambana na ndege za kivita za adui, na Hurricane ziziendee zile zilizochukua mabomu. Angani, ambako mambo hugeuka kwa nukta, mpango huu haukufuatwa kila mara, na Hurricane nyingi zilijikuta uso kwa uso na adui aliyezizidi mbio. Zilikuwa na hirizi zake pia. Ziligeuka katika duara dogo kuliko Bf 109. Zilitulia kama meza bombomu zilipolia, na kwa kuwa bombomu nne za kila bawa zilipangwa karibu karibu, risasi zake zilikwenda pamoja. Magurudumu yake yaliachana sana, hata rubani mgeni, aliyechoka, aliweza kutua salama juu ya majani ya uwanja wa muda.

Marubani wenyewe hawakuwa Waingereza peke yao. Kikosi cha 303, kilichokuwa cha Wapoland waliokimbia baada ya nchi yao kutekwa, kiliingia vitani na Hurricane zake tarehe 31 Agosti 1940, wakati shindano limekaribia nusu. Mpaka mwisho kilidai ndege 126 za adui, hesabu kubwa kuliko ya kikosi kingine chochote katika shindano lile. Uchunguzi wa baadaye umepunguza madai haya, kama ulivyopunguza madai ya karibu kila kikosi cha pande zote mbili, lakini haukupunguza heshima. Aliyetangulia wote katika kikosi hicho alikuwa Mcheki, Josef František, aliyehesabiwa kuangusha ndege 17 katika mwezi mmoja. Alikufa katika ajali ya ndege yake tarehe 8 Oktoba 1940.

Yale mabomba ya chuma na kitambaa cha kitani, ambayo wastadi wangeweza kuyaita mambo ya kale, sasa yalitoa faida. Risasi ya mzinga mdogo ikipiga bati lililobeba nguvu za ndege hufanya kazi ya matengenezo kuwa kubwa; ikipita katika kitambaa huacha tundu. Tundu lilibandikwa kiraka, likapakwa dawa, na kesho yake ndege ikapaa. Bomba lililopinda lilifunguliwa na jingine likakazwa mahali pake na mafundi wa kikosi chenyewe, bila kungoja kiwanda. Zilizoumia zaidi zilipelekwa kwa mafundi wa kiraia waliokusanywa kote nchini kwa kazi hiyo, wakiwa chini ya Wizara ya Uundaji wa Ndege iliyoanzishwa Mei 1940 na kukabidhiwa Lord Beaverbrook. Inakadiriwa kwamba kama theluthi moja ya ndege zote za kivita zilizopelekwa vikosini wakati wa shindano zilikuwa zimetoka katika matengenezo. Wajerumani walihesabu ndege walizoziangusha. Hawakuweza kuhesabu zile zilizofufuka.

Hizo ndizo faida za kenda. Sasa tutazame ile moja iliyopungua. Mbele ya rubani wa Hurricane, baina ya injini na kifua chake, palikuwa na tangi la petroli, na matangi mengine mawili yalikaa katika mashina ya mabawa. Likipigwa mojawapo, moto ulivutwa ndani ya chumba chake kabla hajawahi kufungua kifuniko. Mbao na kitambaa havikuuzuia. Tarehe 16 Agosti 1940, karibu na Southampton, James Nicolson wa Kikosi cha 249, kijana wa miaka 23, alipigwa na kuumizwa, na Hurricane yake ikashika moto. Alipokuwa akijitayarisha kuruka aliona ndege ya adui mbele yake. Akarudi kitini ndani ya moto, akaifyatulia, ndipo akaruka kwa mwavuli. Alipewa nishani ya Victoria Cross, na katika vita vyote hakuna rubani mwingine wa jeshi la ndege za kivita za Uingereza aliyeipata. Nishani ilisifu ushujaa wake, lakini kisa chenyewe kilieleza pia jinsi moto ule ulivyokuwa wa kawaida.

Wengi walioungua walipelekwa East Grinstead, kwa daktari mpasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyewatengenezea nyuso na mikono upya kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine za miili yao, pengine kwa upasuaji mwingi uliochukua miaka. Mwaka wa 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao, wakajiita kwa jina la mnyama wa majaribio ya madaktari, kwa ucheshi wa watu ambao hawana la kuficha tena. Mwenye kuandika kwamba Hurricane ilikuwa rahisi kuunda na rahisi kutengeneza anasema kweli. Akiishia hapo ameficha nusu ya hesabu, maana walioungua hawakutengenezeka kwa urahisi huo.

Baada ya mwaka 1940 Spitfire ziliongezeka, na kiwango cha ndege mpya za Kijerumani kilipanda. Hurricane zikaanza kuondolewa katika anga ya Uingereza kwa mapigano ya mchana. Hazikutupwa. Zilipelekwa mbali, na jambo hili linastahili kuangaliwa na wasomaji wa upande wetu wa dunia, kwa kuwa huko mbali kulikuwa ni pamoja na kwetu. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa hiyo: kilicho bora kilinde nyumbani, na kilichobaki kikalinde mipaka ya dola. Malta, iliyoshambuliwa tangu Juni 1940, haikupata Spitfire ya kivita mpaka Machi 1942, na Burma ilingoja mpaka mwishoni mwa 1943. Katikati ya miaka hiyo watu wa huko walilindwa, walipolindwa, na Hurricane.

Kufika tu kulikuwa vita. Tarehe 17 Novemba 1940 Hurricane 12 zilirushwa kutoka manowari ya Argus kuelekea Malta kwa umbali uliokadiriwa vibaya. Nane ziliishiwa petroli zikaanguka baharini pamoja na marubani wake, bila adui kufyatua risasi moja. Njia nyingine ilipita katika Afrika. Kwa kuwa Bahari ya Kati ilikuwa na hatari, ndege zilifungwa katika masanduku, zikaletwa kwa meli hadi Takoradi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, zikaunganishwa hapo, kisha zikaruka kwa vituo hadi Misri. Kundi la kwanza liliondoka Septemba 1940, Hurricane sita zikiongozwa na ndege moja ya Blenheim yenye injini mbili. Walipita Lagos, Kano, Maiduguri, El Fasher na Khartoum, safari ya karibu maili 3,700 juu ya misitu na mchanga. Maelfu ya ndege yalifuata njia hiyo katika miaka mitatu, na jeshi lililopigana katika jangwa la Misri na Libya liliishi kwa mshipa huo uliokatiza bara letu.

Upande wa mashariki, Kikosi cha 3 cha Jeshi la Anga la Afrika ya Kusini kilileta Hurricane nchini Kenya mwishoni mwa 1940. Majeshi yaliyovuka mpaka kutoka Kenya mwanzo wa 1941, ambamo askari wa King's African Rifles walikuwa wengi pamoja na wenzao wa Gold Coast, Nigeria na Afrika ya Kusini, yaliteka Kismayu tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Hapa Hurricane haikuwa mzee. Ndege za kivita za Waitalia zilizokutana nayo zilikuwa hasa Fiat za mabawa ya ghorofa, na chombo kilichokuwa nyuma juu ya Kent kikawa mbele juu ya mto Juba. Tarehe 15 Machi 1941 rubani wa kikosi hicho, John Frost, alipigwa kutoka ardhini akatua kwa shida katika uwanja wa adui huko Diredawa. Mwenziwe Robert Kershaw alitua kando yake chini ya risasi, wakabanana katika kiti cha mtu mmoja, na Hurricane ile ikawainua wawili.

Mwezi uliofuata, huko Ugiriki, kijana mwingine aliyetoka katika nchi zetu aliijaribu ndege hii katika hali ya kinyume. Roald Dahl, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa hadithi zake za watoto, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipoanza, akaenda Nairobi kujiandikisha na kujifunza urubani. Aprili 1941 alirusha Hurricane hadi Ugiriki akiwa na mazoezi machache nayo, akajiunga na Kikosi cha 80, ambako ndege zisizozidi mkono wa hesabu ndogo zilikabili mamia. Tarehe 20 Aprili, katika mapigano juu ya Athens, aliuawa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, anayehesabiwa na wengi kuwa hodari kuliko marubani wote waliopigana na Hurricane. Dahl alisalimika, na mambo hayo aliyasimulia katika kitabu chake Going Solo, kilichotolewa mwaka wa 1986.

Mashariki ya mbali upungufu ulidhihirika zaidi. Januari 1942 Hurricane 51 zilifika Singapore katika masanduku, mji ukiwa umekwisha kuzingirwa kwa habari mbaya. Marubani waliozoea kumshinda Mjerumani kwa kugeuka walikutana na Zero ya Wajapani, ambayo iligeuka katika duara dogo kuliko yao. Hila iliyowaokoa Uingereza ikawaua huko. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari. Tarehe 5 Aprili Wajapani walishambulia Colombo kutoka manowari zao, na vikosi vya 30 na 258 vilipoteza Hurricane nyingi katika kuulinda mji. Baada ya mashambulizi hayo sehemu kubwa ya manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi ilihamishwa mpaka Kilindini, na hivyo watu wa Mombasa wakaona bandarini kwao matokeo ya mapigano yaliyopiganwa maelfu ya maili mashariki.

Maadamu haikuweza tena kushindana mbio, Hurricane ilipewa kazi nyingine, na mwili wake mgumu ulizikubali zote. Ilivikwa bombomu 12, kisha mizinga minne ya milimita 20, kisha mizinga miwili ya milimita 40 ya kuvunja vifaru katika jangwa, kisha roketi. Iliwekwa juu ya meli za biashara na kurushwa kwa mtambo wa roketi ili kufukuza ndege za doria za Kijerumani. Kwa kuwa meli haikuwa na mahali pa kutua, rubani alipomaliza kazi aliiacha ndege ikazama na yeye akaelea akingoja kuokotwa. Karibu 3,000 zilipelekwa Urusi. Katika Burma vikosi vya Jeshi la Anga la India viliitumia, kikiwamo Kikosi cha 1 kilichoongozwa na Arjan Singh wakati wa kuzingirwa kwa Imphal mwaka wa 1944. Hurricane zenye mabomu zilikuwa miongoni mwa ndege zilizosaidia Jeshi la 14, ambalo ndani yake ilikuwamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka mto Chindwin. Askari aliyelala katika handaki hakuuliza kama ndege iliyopita juu yake ni mpya au ya kale. Aliuliza kama imekuja.

Hurricane ya mwisho ilitoka kiwandani Langley katikati ya mwaka 1944, nayo ingali imehifadhiwa Uingereza katika kikosi cha ukumbusho. Kwa jumla zilikuwa zimeundwa zaidi ya 14,000. Spitfire iliendelea kuundwa na kuboreshwa mpaka baada ya vita, ikapita 20,000, na hapa haki inadai neno kwa upande wake. Muundo wake mpya, uliokuwa mzigo kwa viwanda vya 1938, ndio uliouwezesha mwili wake kupokea injini kubwa zaidi mwaka baada ya mwaka. Muundo wa Camm ulifikia mwisho wa njia yake mapema. Taifa lililokuwa na Hurricane peke yake lingeshindwa mwaka wa 1942; na lile lililongoja Spitfire peke yake lisingeufikia mwaka huo. Sydney Camm mwenyewe hakubaki nyuma. Alibuni ndege nyingine nyingi, akapewa cheo cha Sir mwaka wa 1953, na alipofariki mwaka wa 1966 alikuwa amekwisha ona kazi zake zikirushwa kwa injini za jeti.

Kwa hiyo jibu la swali letu lina pande mbili, na mwenye kushika upande mmoja amepotea. Chombo cha vita hupimwa kwanza kwa kuwapo kwake, na kwa kipimo hicho Hurricane ina haki ya sifa kubwa kuliko iliyopewa. Iliandaliwa kabla ya kuagizwa, iliundwa na mikono iliyopatikana, na ilipovunjika ilirudi. Lakini wanaoamua kwamba kenda inatosha aghalabu si wale watakaoilipa moja iliyobaki. Waliamua maofisini, na waliolipa walikuwa ndani ya chumba chenye tangi la petroli mbele ya kifua, au chini ya anga ya Malta, Singapore na Colombo, wakilindwa na kilichobaki. Historia ikiwataja hao pamoja na ushindi, itakuwa imehesabu kumi kamili.